Kimetoka?

Katika wodi ya upasuaji wa watoto hakuna aliyeanza siku kwa kuuliza habari za asubuhi. Swali lilikuwa moja tu: "Kimetoka?" Na aliyeulizwa alijibu bila haya, huku akifunua nepi ili wenzake waone rangi na kiasi. Tulikuwa wanawake wa kila namna, mwenye shahada na asiyejua kusoma, na majina yetu yalikuwa ya huko tulikotoka: Mama Lindi, Mama Tanga, Mama Kibiti. Mimi nilikuwa Mama Kilosa. Mtoto wa mmoja wetu akipata choo, wodi nzima ilishangilia, na manesi walizoea kelele zetu.

Nasimulia haya kwa sababu mwanangu yu hai, namshukuru Mwenyezi Mungu, na kwa sababu miezi ya kwanza ya maisha yake ilipita kila mtu akitibu mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa.

Alizaliwa salama, kilo tatu na ushei, akalia vizuri, akanyonya vizuri. Nilijifungua asubuhi kwenye kituo cha afya, jioni nikaruhusiwa, maana vitanda vilikuwa vichache na wenye uchungu walikuwa kwenye mabenchi. Kadi ya kliniki ilijazwa uzito na chanjo. Kama mtoto amepata choo, hakuna aliyeniuliza. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni kwa kawaida hutoa kile choo cheusi cha kunata ndani ya saa 24, na wanaopitiliza saa 48 ni wachache sana. Kwa watoto wenye ugonjwa nitakaousimulia hapa, kuchelewa ndiko kawaida yao.

Wa kwangu alikitoa siku ya tatu, na hakukitoa mwenyewe. Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza, akawa ananyonya kidogo na kuacha. Mama mkwe alichonga kipande cha sabuni, akakilainisha, akamwekea njia ya haja kubwa kama walivyofanyiwa watoto wengi kabla yake. Choo kikaja kwa kishindo pamoja na gesi, kikamrukia hadi kwenye kanga, na tumbo likanywea. Tulicheka kwa furaha nyumba nzima. Mama mkwe, ambaye simlaumu hata kidogo, alisema ni chango, na chango lina dawa zake. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi: siku nne, tano bila choo, tumbo linajaa, sabuni, kishindo, nafuu.

Nilimpeleka hospitali mara nyingi tu. Nilipewa dawa ya gesi. Niliambiwa niache maharage kwa kuwa nanyonyesha. Nilipewa dawa ya kulainisha choo, na mmoja aliniambia kwamba watoto wa maziwa ya mama wanaweza kukaa wiki bila choo. Kauli hiyo ni kweli kwa mtoto anayeongezeka uzito na mwenye tumbo laini. Wa kwangu mstari wake kwenye kadi ulikuwa unashuka kutoka rangi ya kijani kwenda kijivu, tumbo linang'aa, mishipa ya damu inaonekana juu ya ngozi, mikono na miguu imebaki vijiti. Nilikuwa nasema hayo. Yaliandikwa kwenye daftari lake kwa maneno mawili: "kukosa choo".

Aliyetuokoa alikuwa tabibu kijana kwenye hospitali ya wilaya, usiku, mtoto ametapika kijani. Pengine hakuwa amemaliza hata mwaka kazini. Hakuanza na tumbo. Aliniuliza, "Mama, choo cha kwanza kabisa cha maisha yake alikipata lini?" Nikamwambia. Akavaa glavu, akapima kwa kidole, na alipokitoa, choo na gesi vilimfuata hadi kwenye koti lake jeupe. Hakukasirika. Aliosha mikono, akakaa, akaandika rufaa ya Dar es Salaam. Miezi mingi ya kuzunguka ilimalizwa na swali moja na kidole kimoja.

Huko Dar walianza na picha. Dawa nyeupe ya bariamu ilipandishwa kwa mpira kutokea chini, kisha eksirei ikapigwa. Daktari bingwa aliinua picha kwenye mwanga na kutuonyesha kwa kalamu. Juu, utumbo mpana ulikuwa umetanuka vibaya sana, mpana kuliko mkono wa mtoto mwenyewe. Chini, kuelekea kwenye puru, ulikuwa mwembamba, umenyooka, mzuri wa kutazama. Akauliza mgonjwa ni upi. Kila mzazi anayeulizwa swali hilo hugusa ule uliovimba. "Huo ndio mzima," akasema. "Umevimba kwa kusukuma. Mgonjwa ni huyu mwembamba."

Ili kuthibitisha, ilibidi kukata kinyama kidogo kutoka kwenye ukuta wa puru na kukipeleka patholojia. Kipimo hicho ni cha ajabu, kwa sababu mtaalamu anatafuta kitu akitarajia asikione. Akiona seli moja tu ya ganglia, yaani ya neva za utumbo, mahali panapostahili, jambo linabadilika. Asipoiona, hana budi kutazama vipande vingi zaidi kabla ya kuthubutu kusema haipo. Tulisubiri majibu kwa wiki kadhaa, huku tukifundishwa kumsafisha mtoto utumbo kwa mpira na maji ya chumvi ya hospitali. Maji matupu ya bomba hayaruhusiwi kwa kazi hii, kwa kuwa utumbo uliotanuka huyafyonza na kuharibu chumvi ya damu, na mtoto anaweza kupata degedege. Majibu yalipokuja yalikuwa mstari mmoja: hakuna seli za ganglia zilizoonekana. Ugonjwa wa Hirschsprung.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Mada ya mmeng'enyo na ile ya uratibu wa neva nimezifundisha miaka mingi. Huwa nachora bomba ubaoni, nachora donge la chakula ndani yake, nachora mishale miwili ya kubana nyuma ya donge, wanafunzi wanaandika, kengele inalia. Mshale wa mbele, ule wa kulegea, vitabu huupitia kwa sentensi moja. Mwanangu alikuwa anakufa kwa ajili ya sentensi hiyo. Basi nilipopata nafasi ya kukaa na daktari, sikutaka maneno ya kufarijiwa. Nilitaka kuelewa.

Mtoto akiwa tumboni mwa mama, utumbo wake huanza bila neva zake. Seli zitakazokuwa neva hizo huzaliwa mbali, nyuma karibu na shingo, kando ya kile kitakachokuwa ubongo na uti wa mgongo. Kutoka huko husafiri, huingia kwenye utumbo kwa juu na kushuka, kati ya wiki ya tano na ya kumi na mbili ya ujauzito, zikizaliana njiani na kuacha vikundi nyuma yao. Vikundi hivyo ndivyo ganglia. Vinajipanga katika mitandao miwili, mmoja katikati ya tabaka mbili za msuli, mwingine chini ya utando wa ndani, na vikihesabiwa kwa pamoja vina mamia ya mamilioni ya seli. Mtandao huu unaweza kuendesha utumbo hata ukitengwa na ubongo. Kwa mwanangu, seli hizo ziliishia njiani. Ndiyo sababu sehemu isiyo na neva daima huanzia mwisho kabisa wa utumbo na kupanda juu, haianzii katikati. Kwa watoto takribani 8 kati ya 10 inaishia kwenye puru na ile kona ya juu yake. Kwa wachache inameza utumbo mpana wote.

Nikauliza swali lililokuwa likinikereketa: kwa hiyo kile kipande kimekufa? Hakina umeme?

"Umeme upo," akajibu. Na hapo ndipo nilipoanza kujifunza upya somo ninalolifundisha.

Msuli wa utumbo haungoji neva ili upate umeme. Katikati ya nyuzi zake kuna seli ambazo Mhispania Santiago Ramón y Cajal alizichora mwishoni mwa karne ya 19. Mwenyewe alizidhania kuwa aina ya neva, akaja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kazi yake kuhusu mfumo wa neva kwa jumla. Ilichukua hadi miaka ya 1990 kuthibitika kwamba seli hizi ndizo zinazopiga mdundo. Hupandisha na kushusha chaji ya umeme kwa zamu, na wimbi linapita kutoka seli hadi seli ya msuli. Kwenye tumbo la chakula mawimbi huwa kama 3 kwa dakika. Mwanzoni mwa utumbo mwembamba kama 12. Utumbo mpana una mwendo wake, usiotabirika sana. Wimbi likipanda vya kutosha, kalsiamu huingia kwenye seli ya msuli na msuli hubana.

Sasa, neva za kazi gani? Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzuia. Kuna neva zinazotoa asetilikolini, na hizo hubanisha. Lakini ziko nyingine zinazotoa naitriki oksaidi pamoja na kemikali za jamii ya ATP, ambazo hushusha chaji ya msuli, hivyo wimbi likija halifikii kiwango cha kubana, na msuli unalegea. Nyuma ya mzigo pabane, mbele yake palegee, ndipo mzigo usogee. Msuli uliobana kila mahali hausukumi kitu.

Watu wa pwani wanamjua bunju, na wanajua kwa nini haliwi ovyo. Sumu ya samaki huyo huzima neva lakini haiuzimi msuli laini, na kwa sababu hiyo wanafiziolojia wameitumia miaka mingi. Ukiweka kipande cha utumbo mzima kwenye chombo maabara na kukitia sumu hiyo, ungetegemea kitulie. Mara nyingi hufanya kinyume, kinabana kwa nguvu zaidi, kwa kuwa aliyekuwa akikizuia ameondolewa. Niliposoma hilo nililisoma mara ya pili kwa sauti. Mwanangu alizaliwa hivyo kwenye kipande cha mwisho cha utumbo wake, bila sumu yoyote.

Kwa panya wanaozaliwa bila ganglia mwishoni mwa utumbo, watafiti wamekuta seli za Cajal zipo na msuli unatoa umeme. Kinachokosekana ni majibu ya neva: ukiuchokoza ukuta wa utumbo kwa umeme, lile jibu la kushuka kwa chaji halitokei, na ile mikubano mikubwa inayosafiri kutoka juu hadi chini haipiti tena hapo. Kwa binadamu kuna jambo jingine pia. Neva zinazoingia kutoka nje ya utumbo hukutwa zimenenepa katika kipande hicho, na nyingi ni za kubanisha. Zinaamuru kubana, na hakuna wa ndani wa kuzijibu. Hata msuli wa ndani wa mlango wa haja kubwa, ambao kwa mtoto mzima hulegea wenyewe puto dogo likijazwa hewa ndani ya puru, kwa watoto hawa haulegei. Kipo kipimo kizima kilichojengwa juu ya jambo hilo moja. Sisi hatukufanyiwa, kinyama kilitosha.

Jioni hiyo Mama Kibiti alinitaka nimweleze kwa lugha ya nyumbani, maana mwanawe alikuwa na ugonjwa uleule. Nikahangaika na mawimbi na chaji, akanikatisha. "Ni kama geti la pantoni pale Magogoni," akasema. "Watu wanajazana, wanasukumana, mtu akiangalia anasema tatizo ni watu. Kumbe mlinzi hayupo wa kufungua." Daktari aliposikia kesho yake kwenye raundi alimwomba ruhusa ya kuutumia mfano huo.

Na madaktari wenyewe waliangalia watu na kuliacha geti kwa muda mrefu sana. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen, alieleza habari za watoto wawili kwenye mkutano wa Berlin mwaka 1886. Wote wawili walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Aliona utumbo uliotanuka, akauelezea vizuri, akadhani ndio uliozaliwa na kasoro. Kwa miongo kadhaa baada yake wapasuaji waliukata huo uliovimba, wakaunganisha kilichobaki na kile chembamba cha chini, na watoto wakarudi walikokuwa. Waliokuwa wakitazama kwa darubini walikwisha kuandika mapema karne ya 20 kwamba ganglia hazionekani kule chini, ila hakuna aliyewasikiliza. Mpaka Orvar Swenson wa Boston alipogundua kwamba mtoto akitobolewa njia ya choo tumboni hupata nafuu, na ikifungwa anaumwa tena. Akaingiza maputo ya kupimia ndani ya utumbo, akaona mawimbi ya kusukuma yanakuja na kukomea mahali pamoja. Mwaka 1948 yeye na mwenzake Alexander Bill walichapisha upasuaji wa kukata kile chembamba na kushusha kile kizima hadi chini. Swenson aliishi hadi mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 103. Huwa nafikiri kwamba mtu huyo alipewa miaka mingi ili awaone watoto wake wakizeeka.

Kwetu haikuwezekana kushusha utumbo mara moja. Mtoto alikuwa amedhoofu, na ule utumbo wa juu ulikuwa umetanuka kupita kiasi. Kama ugonjwa ungejulikana wiki ile ya kwanza, pengine ingefanyika ile njia ambayo madaktari wa Mexico waliichapisha mwaka 1998, ya kufanya kila kitu kupitia njia ya haja kubwa, kwa siku moja, bila kupasua tumbo. Kwa mtoto aliyechelewa, inabidi kwanza utumbo utolewe nje ya ngozi ya tumbo, choo kipite hapo, utumbo upumzike na kunywea, na mtoto anenepe. Kolostomi.

Hapa ndipo palipokuwa na kazi, na hapa nataka nikae kidogo, maana vipeperushi vya hospitali haviyasemi haya.

Kile kipande cha utumbo kilichochomoza ni chekundu, kibichi, na hakina maumivu kikiguswa. Kinachouma ni ngozi inayokizunguka. Choo kinaiunguza, inachubuka, mtoto analia kila ukimfuta. Mifuko maalumu ya kubandika ipo madukani, lakini bei yake kwa mshahara wa mwalimu ni ya kubandika siku za sikukuu, na joto la Dar likikutana na jasho la mtoto hubanduka kabla ya saa sita mchana. Kisera mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure. Mfuko, krimu ya zinki na nauli havikuwa kwenye sera hiyo kwa upande wetu. Mama Tanga ndiye aliyenifundisha kukata kanga kuukuu vipande, kuvikunja tabaka nne, kupaka mafuta mazito ya mgando kuzunguka kidonda, na kufunga kwa mkanda mpana wa kitenge usiobana. Kanga mpya haifai, hainyonyi. Ilibidi niombe kanga za zamani kwa majirani, na nilizipata nyingi hata nikawagawia wengine.

Baba watoto alijifunza kumwosha kabla sijapona uoga wangu wa kugusa. Namtaja kwa sababu wodini niliwaona wanawake walioachwa kwenye kipindi hiki. Mmoja aliambiwa na shemeji yake kwamba ukoo wao haujawahi kuzaa mtoto wa kunya kwa tumbo, kwa hiyo aangalie ametoka naye wapi. Sisi tuliporudi Kilosa, mwenye nyumba alituomba tuhame. Hakusema ni harufu. Alisema anataka kukarabati. Hakukarabati. Kwenye basi nilikaa siti ya nyuma kabisa dirishani bila kuambiwa, na bado mtu alifungua dirisha la mbele na kugeuka kunitazama. Msikitini sikuenda naye. Dua nilizisomea nyumbani. Sikumwonea haya mwanangu, ila nilichoka kueleza.

Jambo moja lilinipa nguvu. Siku chache baada ya kolostomi mtoto alianza kunyonya bila kukatiza. Tumbo likalala. Akacheka cheko la sauti, nami nilikuwa sijawahi kulisikia. Kliniki iliyofuata mstari wake ulipinda kuelekea juu.

Mwana wa Mama Lindi hakufika huko. Alipata maambukizi ya utumbo, ambayo ndiyo yanayoua zaidi katika ugonjwa huu: choo kikikaa kwa muda mrefu bakteria huzidi, ukuta wa utumbo huwaka, sumu huingia kwenye damu. Alianza homa mchana, choo cha maji chenye harufu kali, tumbo likajaa. Alfajiri kitanda kilikuwa kitupu. Watu hudhani mtoto anayeharisha hawezi kuwa na ugonjwa wa kukosa choo, na dhana hiyo inawachelewesha wengi.

Upasuaji mkubwa ulifanyika alipofikisha mwaka na nusu. Walikata sehemu isiyo na neva, wakashusha ile nzima hadi karibu na mlango, wakashona. Mahali pa kukata hapapatikani kwa macho, kwa kuwa kati ya pembamba na papana kuna sehemu ya mpito yenye seli chache zisizotosha, na ukiunganisha hapo umefanya kazi ya bure. Kwa hiyo vinyama huchukuliwa kwa ngazi, kimoja juu ya kingine, mpaka mtaalamu aseme: hapa zipo. Kwetu vilichukuliwa mapema, siku ya kolostomi, na majibu yalikuwa tayari mezani. Nilikaa nje ya chumba cha upasuaji toka asubuhi hadi baada ya Alasiri.

Baada ya hapo nilipewa vyuma laini vya kutanulia njia, vya unene tofauti, na nikafundishwa kumwingizia kila siku ili kovu lisizibe. Katika yote niliyopitia, hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mtoto alikuwa ananijua kwa jina sasa, analia ananiita mimi niliyemshika. Daktari alikuwa mkweli: mama anayeacha hurudi na njia iliyosinyaa. Sikuacha. Kolostomi ikafungwa baadaye, na choo cha kwanza kwa njia yake ya asili kiliwatoa machozi watu wazima wanne katika chumba kimoja, mmoja wao mama mkwe wangu.

Upasuaji hauleti neva mpya. Unaondoa kipande kisicho nazo, na utumbo uliobaki lazima ujifunze kazi ya puru ambayo haukuumbiwa. Miaka miwili ya mwanzo alikwenda haja mara nyingi kwa siku, makalio yakawa mabichi. Mara moja maambukizi yale yale ya utumbo yalimrudia: homa, tumbo, choo cha kunuka. Nilikuwa natembea na barua ya daktari ndani ya mfuko wa plastiki, inaeleza ugonjwa wake kwa mistari mitano na nini kifanyike akija hivyo: dripu, antibayotiki, utumbo usafishwe, asisubiri foleni. Nesi wa zamu aliisoma akiwa amesimama, akaanza kazi. Nawashauri wazazi wote wa watoto hawa waidai barua hiyo kabla ya kuruhusiwa.

Sasa yuko darasa la pili. Anacheza mpira, anakula ugali na mchicha kuliko baba yake. Zipo siku chupi inachafuka shuleni, na mwalimu wake anajua, hivyo anatoka bila kunyoosha mkono na nguo ya akiba iko ofisini. Tumbo lina kovu ambalo wenzake waliambiwa ni la vita, na sijui nani aliyewaambia, ingawa namshuku mwenyewe.

Nilipopata mimba nyingine nilikuwa na hofu. Ugonjwa huu humpata takribani mtoto 1 kati ya 5,000, wavulana mara kama nne zaidi ya wasichana, na kwa familia yenye mgonjwa uwezekano unapanda. Jeni kuu inayohusika, iitwayo RET, ilihusishwa na ugonjwa huu mwaka 1994, na husaidia kuongoza zile seli katika safari yake. Mama hasababishi kwa kula, kwa kuvaa wala kwa kukosana na mtu. Nilijifungulia hospitali ya wilaya na nilikataa kuondoka kabla ya kuona choo. Binti yetu hakutuchelewesha: alimnyea mkunga mikononi kabla hata ya kupimwa uzito, na mkunga hakuelewa kwa nini namshukuru.

Kwako unayenyonyesha mtoto mchanga leo, au una binti au mkwe aliyejifungua juzi: uliza choo cha kwanza kilitoka lini. Kama saa 48 zimepita bila choo, au mtoto anatapika kijani, au tumbo linajaa na choo hakiji mpaka achokozwe, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na useme maneno hayo matatu kwa mpangilio huo. Ukiambiwa ni gesi na tumbo bado limejaa, rudi kesho yake, na omba apimwe kwa kidole. Na nyinyi mnaotuzalisha, tunaomba kabla ya kuturuhusu mtuulize swali hilo moja na mliandike kwenye kadi.